Harvey Fletcher, aliyelipima sikio la binadamu



Juma lililopita, baada ya swala ya Isha, tulikuwa barazani kama ada, kahawa chungu na kashata mkononi, likazuka suala la spika. Kijana mmoja wa mtaani petu amenunua jozi ya spika za kusikilizia nyumbani, na katika kijitabu kilichokuja nazo mna mchoro wa mstari uliolala sawa kama bahari siku ya shwari. Mstari ule, akatueleza, maana yake ni kuwa spika zake hutoa sauti zote kwa kipimo kimoja: nzito za ngoma, za kati za mwimbaji na nyembamba za matoazi. Hakuna inayopendelewa wala inayopunjwa. Bwana mmoja mtu mzima, ambaye amekuwa akifunga mitambo ya harusi tangu sisi tukiwa watoto, akamcheka. Kwake yeye mstari haupigi muziki. Spika nzuri ni ile unayoihisi kifuani kabla haijafika masikioni.

Mabishano yakaenda mpaka kahawa ikapoa. Mwisho nikageukiwa mimi, kwa kuwa nina stashahada ya mambo ya umeme na kwa kuwa mtu anayeandika makala hudhaniwa kuwa anajua kila kitu. Nikawaambia nitajibu kwa kalamu. Jawabu langu ni maisha ya mtu mmoja aliyekufa zaidi ya miaka 40 iliyopita, na ambaye sisi sote tunaotumia simu na spika tunaishi na kazi yake bila kumjua. Ana mengi ya kutufundisha juu ya mstari ule, na mimi binafsi nina deni la kumsimulia. Deni hilo nitalieleza mbele.

Harvey Fletcher alizaliwa tarehe 11 Septemba 1884 katika mji wa Provo, jimbo la Utah, magharibi mwa Marekani. Ni mji ulio chini ya milima, uliojengwa na watu wa dhehebu la Mormoni, na yeye alikuwa muumini wa dhehebu hilo mpaka mwisho wa umri wake. Alisoma hapo hapo kwao, katika shule na chuo cha Brigham Young, akamaliza mwaka 1907. Inasimuliwa kuwa somo la fizikia alilianguka mara ya kwanza, akalirudia na kulipita vizuri sana. Wazazi wenye watoto walioanguka mtihani mwaka huu walishike hilo.

Mwaka 1908 alioa, na yeye na mkewe, Lorena, wakasafiri hadi Chicago ili akasomee shahada ya juu. Chuo Kikuu cha Chicago hakikuitambua sawasawa elimu ya chuo chao kidogo cha milimani, basi aliingia kwa mlango wa pembeni akabidi kuthibitisha upya kwamba anaweza. Akathibitisha. Akiwa huko akapewa msimamizi, mwalimu mmoja aitwaye Robert Millikan, ambaye wakati huo alikuwa akihangaika kupima chaji ya elektroni moja, yaani kile kipande kidogo kabisa cha umeme.

Millikan alikuwa akitumia matone ya maji, na maji yana tabia unayoijua: ukipuliza ukungu wake, kabla hujamaliza kuutazama umekwisha kukauka. Fletcher alipewa kazi ya kutafuta kitu kisichokauka upesi. Akaenda duka la dawa mjini, akanunua kile kichupa cha kupulizia manukato, pamoja na mafuta laini ya saa. Akajitengenezea mtambo wa majaribio, akapuliza mafuta, akamulika mwanga na kutazama kwa lenzi. Matone yakaonekana kama nyota ndogo zinazocheza, na alipofungulia umeme baadhi yakapanda na mengine yakashuka. Hiyo ilikuwa karibu na mwisho wa mwaka 1909. Tangu siku hiyo yeye na mwalimu wake wakafanya kazi pamoja, miezi kwa miezi, mpaka kipimo kikapatikana.

Ndipo likaja jambo la majina. Kanuni ilitaka mwanafunzi wa shahada ya udaktari awe na makala yenye jina lake peke yake. Mwalimu alimfuata mwanafunzi nyumbani kwake, siku ambazo wana mtoto mchanga, akampa rai: makala moja, inayohusu mtikisiko wa chembe ndani ya hewa, iwe ya Fletcher peke yake, na ile ya chaji ya elektroni iwe ya Millikan peke yake. Fletcher aliona mara moja ni ipi itakayopata sifa duniani. Alitarajia iwe na majina mawili. Lakini alikuwa mwanafunzi, ana mke na mtoto, na aliyekuwa mbele yake ni mwalimu wake. Akakubali. Mwaka 1911 alipata shahada yake kwa daraja la juu kabisa, mwanafunzi wa kwanza wa fizikia chuoni hapo kuipata kwa daraja hilo. Mwaka 1923 Millikan alipewa Tuzo ya Nobel, na kipimo kile cha elektroni kilikuwa miongoni mwa sababu.

Hapa kwetu mtu akidhulumiwa kiwanja cha futi 10 husimulia kila harusi na kila hitima. Fletcher alinyamaza miaka 70. Aliandika kisa hicho katika kumbukumbu za maisha yake, akamkabidhi rafiki kwa sharti kwamba kisichapwe naye yu hai. Kilichapwa mwaka 1982, mwaka mmoja baada ya kufa kwake, na ndani yake hamna uchungu. Anamtaja mwalimu wake kwa wema na kushukuru aliyomfanyia. Sisemi kwamba kunyamaza ni bora kila mara. Haki ni haki. Nasema tu kwamba mtu huyu hakuongeza chumvi wala hakupunguza, na tabia hiyo tutaikuta tena katika kazi yake.

Alirudi Provo akafundisha miaka mitano. Kila mwaka kampuni ya Western Electric ya New York, iliyokuwa ikitengeneza vyombo vya simu vya shirika la AT&T, ilimwandikia kumwita, na kila mwaka akijibu kuwa hawezi. Mwaka 1916 akakubali. Kuanzia hapo, kwa zaidi ya miaka 30, kazi yake ikawa sauti na sikio, kwanza Western Electric, kisha katika Maabara ya Bell zilizoanzishwa mwaka 1925.

Tatizo la kampuni ya simu lilikuwa la fedha. Waya mrefu ni ghali, na kila sauti unayotaka ipite, nzito au nyembamba, ina gharama yake. Basi swali likawa: katika sauti ya mtu, ni sehemu gani lazima ipite ili maneno yaeleweke, na ni ipi inayoweza kuachwa? Hakuna aliyekuwa na jawabu, kwa sababu hakuna aliyekuwa amepima. Fletcher na wenzake wakaanza kupima. Waliweka msomaji upande mmoja na wasikilizaji upande wa pili. Msomaji akitamka silabi zisizo na maana, ili mtu asibahatishe kwa akili, na wasikilizaji wakiandika walichosikia. Kati yao palikuwa na chujio la umeme, ambalo mara lilikata sauti nzito, mara likakata sauti nyembamba. Walirudia hivyo mara nyingi mno.

Walichokipata kinafaa kubandikwa kila ukumbi wa harusi na kila chumba chenye mitambo. Nguvu nyingi ya sauti ya mtu imo katika sehemu nzito, ya chini, ambako irabu hukaa. Lakini maana ya maneno imo zaidi katika sehemu nyembamba, ya juu, ambako konsonanti hukaa. Ukikata sauti nzito, mtu huonekana anaongea kwa pua, lakini unamwelewa. Ukikata sauti nyembamba, ngurumo yote ipo na huambulii neno. Chukua maneno yetu matatu: saa, faa na taa. Irabu ni zile zile. Kinachotenganisha saa na taa ni kipumzi chembamba mwanzoni mwa neno, chenye nguvu kidogo sana. Kikipotea hicho, maneno matatu yamekuwa moja. Ndio maana mara nyingine khatibu huhubiri nusu saa, spika zimenguruma hata madirisha yatetemeke, na waliokaa nyuma wakatoka hawajui alikuwa akisema nini. Debe tupu haliachi kuvuma.

Kutokana na vipimo hivyo Fletcher aliingia katika kuwahudumia wasiosikia. Yeye na wenzake walitengeneza audiometa, chombo cha kupima usikivu: mtu anasikilizishwa mlio mmoja baada ya mwingine, kutoka mzito hadi mwembamba, na kila mmoja unapunguzwa hadi usikike kwa shida, kisha hadi usisikike kabisa. Matokeo yakichorwa yanatoa mstari, mstari wa sikio la mtu huyo. Aina nyingine ya chombo hicho ilitumia santuri, watoto wengi wa darasa wakapimwa kwa pamoja, na shule za Marekani zikagundua kuwa baadhi ya watoto walioitwa wajinga walikuwa hawasikii tu. Alimtengenezea pia kifaa cha kusaidia kusikia Thomas Edison, yule mvumbuzi wa santuri, ambaye masikio yake yalikuwa mabovu tangu utotoni. Mwaka 1929 Fletcher alichapa kitabu juu ya usemi na usikivu ambacho wahandisi wa sauti wamekisoma kizazi baada ya kizazi, na mwaka huo huo akawa rais wa kwanza wa jumuiya ya wanasayansi wa sauti ya Marekani.

Hapa ndipo deni langu lilipo, msomaji wangu, kwa hivyo niwie radhi nimtaje marehemu baba yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Baba alifanya kazi ya karakana miaka mingi, nyundo na chuma kutwa. Nyumbani tulikuwa na redio kaseti juu ya rafu, yenye vitufe viwili vya kuzungusha, kimoja cha besi na kimoja cha trebo. Jioni alitia kanda ya Juma Bhalo au ya Zein, au akafungua taarifa ya habari, na kila alipoketi alizungusha trebo kulia mpaka mwisho. Sauti ikawa kali, inachachatika kama samaki anayekaangwa. Mimi wakati huo nilikuwa mwaka wa kwanza wa stashahada, nimeshafundishwa juu ya mstari ulionyooka, na nikaona Baba anaharibu muziki. Kila nilipopita nikarudisha kitufe katikati. Naye akisubiri niondoke, akakirudisha alikotaka. Hakunigombeza hata mara moja. Mchezo huo ulikwenda miezi, nami nikijiona fundi. Kisha siku moja niliona kitufe kimebaki katikati pale nilipokiacha, na siku ya pili vile vile. Nikafurahi kuwa mzee ameelewa. Kumbe alikuwa ameacha kusikiliza.

Miaka ilipita kabla hatujampeleka kupimwa masikio. Wakati huo wajukuu walikuwa wakimwita hasikii, akikaa mwisho wa baraza na kuitikia kwa tabasamu mambo yasiyohitaji tabasamu. Mpimaji alimaliza akanionyesha mchoro. Upande wa sauti nzito mstari ulikuwa karibu sawa na wa mtu mwenye afya. Ulipofika sauti nyembamba ukaporomoka kama ukingo wa korongo. Nikaukodolea macho mchoro ule na nikaona kitufe cha redio. Mahali sikio lake lilipoanguka ndipo yeye alipokuwa akiinua. Hakuwa akiharibu kitu. Alikuwa akisawazisha, bila stashahada, na kijana wake aliyesoma akimpokonya konsonanti moja moja kila jioni.

Turudi kwa Fletcher, na mwaka wake mkubwa, 1933.

Tarehe 27 Aprili mwaka huo, okestra ya Philadelphia ilipiga muziki katika ukumbi wao wa Academy of Music mjini Philadelphia, mbele ya maikrofoni tatu. Sauti ikasafirishwa kwa nyaya tatu za simu, zaidi ya kilomita 200, hadi Constitution Hall mjini Washington, ambako watu walikuwa wamekaa mbele ya jukwaa lisilo na mpigaji hata mmoja. Palikuwa na spika tu, mafungu matatu: kushoto, katikati na kulia. Kiongozi wa okestra, Leopold Stokowski, alimwachia mwingine fimbo huko Philadelphia, yeye akaketi Washington kwenye vitufe vya kuongoza sauti. Walionyeshwa pia vituko: fundi wa mbao akigonga na kukata upande mmoja wa jukwaa la mbali, na wasikilizaji wakajua kwa masikio yao yuko upande gani. Hiyo ndiyo stirio, na ndiyo sababu Fletcher huitwa baba wa stirio.

Spika zile zilitengenezwa na wenzake, Wente na Thuras. Nia yao ilikuwa hasa ile ya mstari wa kijana wetu: kupitisha kila sauti kwa kipimo chake, kutoka mitikisiko 40 kwa sekunde, ambayo ni mizito sana, hadi 15,000, ambayo wazee wengi hatuisikii tena. Mitikisiko kwa sekunde wataalamu huiita hezi. Hakuna aliyewahi kukaribia kiasi hicho kwa masafa marefu namna ile. Kama unataka okestra ya Philadelphia ifike Washington ilivyo, basi waya na spika havina ruhusa ya kuongeza wala kupunguza. Ni kama mtu aliyepewa salamu azipeleke: akitia lake, si salamu tena.

Sasa tazama ajabu. Mwaka huo huo wa 1933, mtu huyo huyo, pamoja na mwenzake Wilden Munson, akachapa makala yenye michoro ambayo mpaka leo inaitwa kwa majina yao. Waliwaketisha watu wakiwa wamevaa spika za masikioni, wakawasikilizisha mlio wa hezi 1,000, kisha mlio mwingine mzito au mwembamba zaidi, na kuuliza ni lini miwili inalingana kwa ukubwa. Jawabu likawa kwamba sikio la binadamu halina mstari ulionyooka hata kidogo. Sauti ikiwa ndogo, masikio yetu husikia vizuri zile za kati na za juu kiasi, ambako maneno hukaa, na hushindwa vibaya na zile nzito. Ili ngoma ya chini isikike sawa na sauti ya mtu anayenong'ona, inahitaji kuongezwa makumi ya desibeli. Sauti ikipanda, tofauti hiyo hupungua, na ikiwa kubwa sana mstari wa sikio hukaribia kunyooka. Vipimo vyao vimerekebishwa baadaye na wengine, lakini umbo la jambo limebaki lile lile.

Kwa hivyo mtu mmoja, katika mwaka mmoja, alihangaika kuunyoosha mstari wa spika na akathibitisha kuwa mstari wa sikio umepinda. Hayakugongana mambo hayo. Hapo ndipo mabishano ya barazani kwetu yanapata jawabu.

Kijana ana haki. Mstari wa spika una maana, na maana yake ni amana. Udi unatofautiana na fidla, na fidla na sauti ya mwimbaji, kwa sababu kila kimoja kina mchanganyiko wake wa sauti nyembamba juu ya ile ya chini. Upinde huo ni wa chombo, ni uso wake. Spika yenye upinde wake yenyewe huwavisha wote uso mmoja: Juma Bhalo akawa na kifua cha ngoma, udi ukawa kama gitaa la besi. Huko Kanada, miaka ya 1980, mtafiti Floyd Toole aliwasikilizisha watu spika mbalimbali bila wao kuona wanasikiliza ipi, na zilizopendwa zaidi zilikuwa zile zenye mstari laini uliolala sawa. Watu wakifichwa jina, bei na ukubwa wa sanduku, masikio huchagua uaminifu.

Lakini bwana wetu wa harusi naye hajasema uongo. Yeye amesikia kwa masikio yake kitu ambacho Fletcher alikichora. Spika ya mstari ulionyooka ukiifungulia kidogo usiku, watoto wamelala, utaona besi imekimbia. Haijakimbia kwenye spika. Imekimbia kwenye sikio lako. Ndio sababu redio nyingi za zamani zilikuwa na kitufe cha kuongeza besi wakati sauti ni ndogo, na aliyekibuni alikuwa akiifuata michoro ya 1933. Tena chumba nacho kina kauli yake. Ukiisukuma spika kwenye pembe ya kuta mbili, besi huvimba. Ukiweka sakafu tupu ya saruji na kuta tupu, sauti nyembamba hurukaruka. Mstari wa kijitabu ulipimwa mahali ambapo kuta hazikuwa na kauli, si sebuleni kwenu.

Kosa la bwana wetu ni moja, na ni kubwa. Anaitafuta besi kwa kuongeza sauti yote. Ni kweli sauti ikiwa kubwa sana besi hurudi, kwa sababu sikio hunyooka. Lakini gharama yake inalipwa na sikio lenyewe. Wataalamu wa afya ya kazini Marekani wanahesabu desibeli 85 kuwa kikomo cha mtu anayekaa humo saa 8 kwa siku, na kila ikiongezeka desibeli 3 muda hukatwa nusu. Ikifika 100, muda ni dakika 15. Harusi yetu haiishi kwa dakika 15. Na kinachoanza kufa si besi. Ni zile sauti nyembamba, zile za s na f na t, zile za wajukuu. Mtu hukaa miaka 20 akijiburudisha na ngurumo, na anapozeeka anabaki na ngurumo peke yake.

Fletcher mwenyewe aliishi muda mrefu wa kutosha kuyaona haya yote. Aliondoka Maabara ya Bell mwaka 1949, akafundisha Chuo Kikuu cha Columbia, kisha mwaka 1952 akarudi Provo, chuo kile kile kilichomwangusha fizikia, akaongoza utafiti na kuanzisha masomo ya uhandisi. Uzeeni alijikita katika sauti za ala za muziki. Mwaka 1962, akiwa na miaka 77, yeye na wenzake walichapa utafiti juu ya piano. Waliunda sauti za piano kwa mitambo, zilizopangika sawasawa kihesabu, na wasikilizaji wakazikuta hazina uhai. Walipochunguza waliona kuwa nyuzi nzito za piano ya kweli hazifuati hesabu kamili. Sauti zake za juu hupanda kidogo kuliko zinavyotakiwa, na kasoro hiyo ndiyo inayoleta joto la piano. Basi kilichopinda katika ala kiachwe kipinde. Kazi ya spika ni kukifikisha na upinde wake.

Alifariki tarehe 23 Julai 1981, hapo hapo Provo, akiwa na umri wa miaka 96. Mmoja wa wanawe, James, aliliongoza shirika la anga la Marekani, NASA, mara mbili. Mwaka 2016 wenye muziki wa Marekani walimpa Fletcher tuzo ya Grammy ya ufundi, miaka 35 akiwa kaburini. Hakuipokea, kama ambavyo hakuipokea ile ya 1923.

Kwa hivyo kijana wetu, hongera kwa spika zako. Mstari ule una thamani, usiache mtu akucheke. Lakini usimhukumu anayegusa kitufe. Kabla hujakirudisha katikati, muulize kwanza anasikia nini. Na wewe bwana wetu wa harusi, ambaye tunakupenda na tutakualika tena inshallah, shusha kidogo, vuta spika zako mbali na pembe, na uwaache akina mama wanaoimba wasikike maneno yao. Na kama nyumbani kwenu yuko mzee anayefungulia redio kwa ukali, anayesema nini mara tatu, anayekaa mwisho wa baraza na kutabasamu, mpelekeni akapimwe mwaka huu, msingoje miaka kama sisi.

Redio ya Baba bado ninayo. Kanda zimekwisha kunata, lakini stesheni inashika. Kitufe cha trebo nimekizungusha kulia mpaka mwisho, na watoto wangu wakipita huziba masikio na kuniuliza kwa nini sikirekebishi. Nimewaambia wakiache hapo.